Keki ya Boga kwa Mheshimiwa

Mkute mtu wa Vesterdal amelaliwa na trekta, mguu umevunjika, umuulize hali. Atakwambia si haba, kisha atakuuliza kama umeshakunywa kahawa. Ndivyo walivyolelewa. Mababu zao walitoka Norwei wakaja kulima mahindi huku Iowa kaskazini, na tabia hiyo wakaja nayo. Kwao mtu anayelalamika hana tofauti na mtu anayetembea uchi barabarani: unageuza uso ili usimwaibishe zaidi.

Verlyn Skogstad alikuwa mmoja wao, tena wa kupigiwa mfano. Maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la maziwa, akikusanya madebe kwenye mashamba hata siku ambazo theluji ilifunika nguzo za uzio. Sasa alikuwa na miaka sabini na tisa, moyo wake ulikuwa unasaidiwa na kifaa kilichopachikwa kifuani, na mgongo ulikuwa umekataa katakata kuinua chochote kizito kuliko paka. Mkewe, Ardis, alipigwa na kiharusi miaka mitatu nyuma. Upande wa kulia wote ulikufa, mdomo ukapinda, na maneno yakawa yanamtoka moja moja kama mtu anayeokota vitu gizani. Akili ilibaki nzima. Ukali nao ulibaki.

Waliweza kuendelea kukaa pamoja nyumbani kwao kwa sababu moja tu, nayo iliitwa Renae. Renae alikuwa mhudumu aliyelipwa na bima ya afya ya serikali. Alikuja asubuhi na jioni, akamtoa Ardis kitandani kwa mashine ya kunyanyulia wagonjwa, akamwogesha, akambadilisha nepi, akamgeuza asipate vidonda. Bila Renae, Ardis angepelekwa makao ya wazee. Ya karibu yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo yaliyobaki ni ya Carver Falls, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na macho ya Verlyn yalikuwa hayamruhusu tena kuendesha kukiwa na giza. Jambo hilo wote wawili walilijua na hawakulizungumza hata siku moja.

Basi huko Washington ukaletwa muswada wa kupunguza fedha za bima hiyo, na kila aliyeuelewa alisema kitakachokatwa kwanza ni saa za wahudumu wa nyumbani. Mbunge wao, Curtis Wendland, alikuwa bado hajasema kura yake itaangukia upande gani. Mwenyekiti wa chama cha wastaafu, bibi mmoja aitwaye LaVonne Czarnecki, akaamua kumleta mpaka sebuleni kwa akina Skogstad ajionee kwa macho yake.

LaVonne hakuwa mtu wa huku. Alikulia Chicago, akafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, akapigania haki za wafanyakazi mpaka sauti ikakwaruza, halafu ndoa ikamleta Vesterdal. Alikuwa amekaa miaka arobaini na bado walimwita mgeni. Mdomo wake haukuwa na breki. Siku mbili kabla ya ugeni alikuja, akaketi na koti lake, akamnyooshea Verlyn kidole.

"Nisikilize vizuri, Verlyn. Usisafishe kitu. Kitanda cha hospitali kiache kilivyo. Mashine iache hapo katikati ajikwae nayo. Nepi ziache mezani."

"Mezani?"

"Mezani! Kando ya sukari. Na umwambie ile siku uliyojaribu kumwinua mwenyewe mkaanguka wote wawili, mkalala sakafuni mpaka Renae akaja."

Verlyn alijikuna shingo. "Hiyo ni ya zamani."

"Ilikuwa Julai!"

"Haya, basi. Nitamwambia."

"Niapie."

"LaVonne, mimi ni Mlutheri. Nikisema nitamwambia, nitamwambia."

Ardis alikuwa amelala pale pale, akisikia kila neno. Hakutia neno lake. LaVonne alidhani amekubali, na hapo ndipo ule ugeni wake wa miaka arobaini ulipoonekana, maana mwanamke yeyote mzaliwa wa Vesterdal angejua kwamba Ardis Skogstad akinyamaza, jambo limeshaamuliwa na halikuamuliwa unavyotaka wewe.

Asubuhi ya ugeni, Renae alipofungua mlango alimkuta Verlyn juu ya ngazi.

"Mzee! Shuka huko! Unafanya nini?"

"Mapazia," alisema Verlyn kwa unyonge. "Anasema yana vumbi."

"LaVonne si alisema..."

"Nyumba," Ardis alisema kutoka kitandani. "Yangu."

Renae alimtazama Verlyn. Verlyn akatazama mapazia. Basi ikaanza kazi. Mashine ya kunyanyulia ilipomaliza kumweka Ardis kwenye kiti cha magurudumu, Verlyn aliisukuma mpaka gereji, akaifunika kwa turubai. Kiti cha choo kikafuata. Nepi zikaingia kabatini, na dawa zikaingia kwenye droo ya vijiko. Kitanda cha hospitali kilitandikwa blanketi la viraka ambalo mama yake Ardis alilishona kwa mkono, kikarundikiwa mito mpaka kikafanana na kochi. Madirisha yalifunguliwa ili ile harufu itoke. Harufu gani, kila mtu mle ndani aliijua.

Halafu ikaja keki ya boga. Verlyn hakuwahi kupika keki maishani mwake. Ardis aliketi kando yake akamwamrisha kwa kidole cha mkono wa kushoto: mdalasini, zaidi, zaidi, basi. Alipomwaga unga sakafuni, Ardis alicheka. Alicheka kwa upande mmoja wa uso, lakini kilikuwa kicheko chake kile kile cha zamani, na Verlyn akasimama na bakuli mkononi kama mjinga, akimtazama. Ukweli lazima usemwe: asubuhi ile Verlyn alikuwa na furaha. Renae alimtengeneza Ardis nywele, akamvisha gauni la buluu alilovaa siku ya harusi ya binti yao Joleen, na nyumba ikarudi kuwa nyumba. Nani angekuwa na roho ya kumwambia mwanamke yule avue?

Shida ilikuwa nepi. Ile nzito ilituna chini ya gauni.

"Inaonekana," Ardis alisema.

"Mama, hiyo nyepesi haitahimili," Renae alisema. "Mgeni akikaa kidogo tu, sawa. Akikaa sana..."

"Inaonekana."

Wakaweka nyepesi. Kisha Ardis akamgeukia Renae mwenyewe. "Nenda."

"Niende wapi? Nani atakugeuza?"

"Atadhani. Tuna. Mtumishi."

Renae alichukua funguo zake akaenda kuegesha gari nyuma ya ghala, akakaa humo ndani akisubiri. Yaani mtu mmoja aliyekuwa anawafanya wale wazee waishi pamoja ndiye aliyefichwa siku hiyo, na mashine yake, na nepi zake. Hasira inampanda mtu hata kusimulia.

Mbunge alifika na msaidizi mmoja, mwanamama mwenye kamera. Alikuwa mrefu, jinzi yake imepigwa pasi, na mlangoni alivua viatu bila kuambiwa. Ardis aliliona hilo akaridhika. Alimpa mkono wa kushoto, naye mbunge akaupokea kwa mikono miwili akasema bibi yake naye alikuwa na mapazia kama yale.

LaVonne alikuwa ameshaketi. Aliangaza macho sebuleni, akaona blanketi la viraka, akaona vikombe vya wageni, akaona maua. Uso wake ulibadilika rangi. Lakini alikuwa amechelewa, kahawa ilikuwa imeshamiminwa.

"Haya, Verlyn," alisema mbunge akikaa. "Nimekuja kusikiliza. Mambo yanakwendaje hapa kwenu?"

"Si haba," alisema Verlyn.

LaVonne alimkanyaga mguu chini ya meza. "Mweleze habari za Julai."

"Aa, ndiyo. Julai." Verlyn aliweka kikombe chini. "Kulikuwa na siku moja, mheshimiwa..." Hapo akamtazama mkewe. Ardis alikuwa amekaa wima kabisa, mgongo haujagusa kiti, na jinsi alivyomtazama mumewe haikuhitaji maneno. Aliinua sahani kwa mkono mmoja.

"Keki, mheshimiwa," alisema. Yalitoka maneno mawili kwa mkupuo, bila kukatika. Alikuwa ameyafanyia mazoezi.

"Siku moja," Verlyn aliendelea, "joto lilikuwa kali sana."

"Eee, Julai ilitutesa," mbunge aliitikia. "Mahindi yaliponea chupuchupu."

Wakazungumza mahindi.

LaVonne alivumilia kwa kadiri ya uwezo wake, ambao haukuwa mkubwa. "Mheshimiwa, hawa wanakudanganya!" alisema. "Chini ya lile blanketi kuna kitanda cha hospitali. Gereji kuna mashine ya kumnyanyulia. Kuna mhudumu anakuja hapa kila asubuhi na kila jioni, mkipitisha huo muswada wenu hatakuja, na huyu mama atapelekwa Carver Falls akafie huko peke yake!"

Aibu ikajaa sebuleni. Na aibu yenyewe haikumwelekea mbunge, ilimwelekea LaVonne. Verlyn alitazama vidole vyake. Mbunge akainama mbele kwa upole, na upole wake haukuwa wa kuigiza.

"Ardis," alisema, "LaVonne anasema mko kwenye shida kubwa. Ni kweli, mama?"

Ardis alikusanya maneno yake. "Wengine," alisema. "Wana. Zaidi."

Macho ya mbunge yalilengwalengwa na machozi. Akachukua kipande cha pili cha keki. Yule msaidizi akapiga picha: gauni la buluu, nywele, sahani ya keki kwenye mkono ulionyooshwa.

Ni wakati mbunge anakula kipande cha tatu, akisimulia habari za bibi yake, Verlyn alipouona mkono wa Ardis. Ulikuwa umeshika mkono wa kiti, vifundo vimekuwa vyeupe. Alijua mara moja. Muda ulikuwa umezidi, na nepi nyepesi imeshindwa. Angeweza kusema: mheshimiwa, utuwie radhi, mke wangu amelowa, mimi siwezi kumbadilisha, na anayeweza tumemficha kwenye gari nyuma ya ghala. Ilikuwa sentensi moja tu, na ingetosha. Verlyn aliifikia kabisa, ikawa mdomoni.

"Kahawa kidogo tena, mheshimiwa?" aliuliza.

Mbunge alikubali kahawa.

Alipoondoka, na vipande viwili vya keki vimefungwa kwenye karatasi ya alumini apate kula njiani, Renae alikuja mbio kutoka kwenye ghala. Gauni la buluu lilikuwa limelowa mpaka mgongoni. Ngozi ya pajani ilikuwa imechubuka, na chubuko lile ndilo baadaye likaja kuwa kidonda. Ardis hakulia wala hakulaumu. Alilala akitazama dari wakati Renae akimfuta.

"Alikula," alimwambia mumewe. "Tatu."

Nje, LaVonne alikuwa ameketi kwenye gari lake bila kuliwasha. Verlyn alimfuata, akainama dirishani.

"Usiniambie kitu," LaVonne alisema. Alikuwa anapangusa pua. "Mmejichimbia kaburi wenyewe, mkalipamba na maua. Nimepigana na mabosi, nimepigana na polisi. Ninyi mmenishinda. Watu gani ninyi?"

"Alikuwa mgeni wetu, LaVonne."

"Ondoa mkono wako dirishani."

Muswada ulijadiliwa wakati mahindi yanavunwa. Verlyn na Ardis waliangalia kwenye televisheni, na Renae alisimama nyuma yao akikunja nguo. Wendland aliposimama, kando yake palikuwa na picha kubwa juu ya stendi ya mbao. Ilikuwa picha ya Ardis.

"Waheshimiwa," alisema, "nimekwenda nyumbani kwa mama huyu. Amepata kiharusi. Mumewe ni dereva mstaafu. Niliwauliza wana shida gani. Mnajua walinijibu nini? Mama huyu, kwa mkono wake mmoja mzima, alinipa keki. Akaniambia kuna wengine wenye shida zaidi. Halafu tunakaa humu tunaambiwa wazee wetu hawawezi kusimama bila kushikwa mkono na serikali. Huko ni kuwatukana!"

Wakampigia makofi. Wengine walisimama. Lililomuumiza Verlyn kuliko yote ni kwamba yule bwana aliamini kila neno alilosema. Hakuwa amewasingizia. Alikuwa ameyasema yale yale waliyomwonyesha.

"Zima," alisema Ardis.

Renae ndiye aliyezima. Kisha akachukua kikapu cha nguo akaenda chumba cha nyuma na kukaa huko muda mrefu.

Muswada ulipita, na mwaka mpya ulipoingia Renae akabakiziwa asubuhi mbili kwa wiki. Kwa siku zilizobaki Verlyn aliambiwa ajaribu kupata msaada wa familia, lakini Joleen alikuwa Arizona na kazi mbili na watoto. LaVonne alikuja, ingawa alikuwa ameapa kutokanyaga tena, akasaidia alivyoweza, na yeye mwenyewe goti lilikuwa bovu. Majirani walileta vyakula: bakuli la tambi na kuku, bakuli la viazi, bakuli jingine la tambi na kuku. Waliacha barazani, wakagonga mlango, wakaondoka haraka wasije wakaona kitu. Wakikutana na Verlyn kanisani walimuuliza hali, naye akawajibu kama kawaida.

Kile kidonda cha pajani kilikuwa hakijapona. Bila kugeuzwa kikachimba. Siku moja mwezi wa Februari Verlyn alijaribu kuendesha mashine peke yake, ukanda ukafunguka, Ardis akaanguka, naye akaanguka akijaribu kumdaka. Hakuna aliyevunjika. Walilala sakafuni ubavu kwa ubavu, baridi ikiingia chini ya mlango, wakasubiri.

"Vesterdal nzima," Ardis alisema baada ya muda. "Inatupikia. Tambi."

Verlyn alicheka mpaka kifua kikauma. Ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka ndani ya nyumba ile. Walipookotwa wakapelekwa hospitali, daktari alikiona kidonda, na Ardis hakurudi tena nyumbani. Aliingizwa Carver Falls kabla ya wiki kwisha.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, LaVonne akaja na habari. Kulikuwa na wabunge wachache wanaotaka kuzirudisha zile saa za wahudumu, na zilikosekana kura chache tu. Wendland angekuwa nyumbani kwa Pasaka. Chama cha wastaafu kilikuwa kimemwalika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, aje asikie watu.

"Saa zikirudi, Renae anarudi," LaVonne alisema. "Renae akirudi, Ardis anarudi. Umenielewa? Safari hii hakuna keki."

"Nitasema," alisema Verlyn.

"Uliniambia hivyo mwanzo."

"Nitasema, LaVonne."

Siku ya mkutano watu walijaa. Walikuja na makoti yao mazito wakakaa kwenye viti vya chuma, wengi wao wazee, mikono mapajani. Wendland hakuja. Ofisi yake ilituma salamu kwamba ratiba imebana. LaVonne alikuwa ametarajia, kwa hiyo alifanya kama wanavyofanya watu wa nchi hii mbunge wao akiwakimbia: aliweka kiti kitupu mbele, akakibandika karatasi yenye jina, akaweka kipaza sauti kikikitazama. Kila mwenye la kusema akaambiwa aje akiambie kiti.

Watu wa Vesterdal wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaripia kiti. Verlyn ndiye aliyeinuka. Alikwenda taratibu, akavua kofia, na kwa mazoea akakiinamia kile kiti kidogo kabla ya kusema. Watu wachache walicheka.

"Mheshimiwa," alianza. "Uliniuliza mambo yanakwendaje, nikakwambia si haba. Ilikuwa uongo."

Kicheko kilikoma. Verlyn akaendelea, akikitazama kiti, na labda kwa sababu kilikuwa kiti tu, hakikumkatiza wala hakikumtazama kwa huruma, maneno yalikuja. Alisimulia habari za Julai. Alisimulia mashine iliyofunikwa turubai, na mhudumu aliyefichwa nyuma ya ghala kama bangi. Alisimulia kidonda, akaonyesha upana wake kwa vidole. Halafu akasimulia gauni.

"Ulipokuwa unakula kile kipande cha tatu," alisema, "mke wangu alikuwa amelowa mkojo mpaka mgongoni. Nilijua. Nilikuona unatafuna, na nilijua, nikakuuliza kama unataka kahawa. Naomba... naomba arudi nyumbani. Ndilo ombi langu tu. Nilipaswa kuliomba siku ile."

Alirudi kukaa. Hakuna aliyepiga makofi. Watu wote walikuwa wameinamisha vichwa wakitazama viatu vyao, kwa adabu, jinsi mtu anavyogeuza uso akikutana na aliye uchi. LaVonne peke yake alikuwa anamtazama, machozi yanamtiririka hadharani bila kuyafuta. Baadaye, kwenye meza ya kahawa, walimpa mkono mmoja mmoja wakamwambia asante kwa kuja. Kuhusu gauni hakuna aliyesema kitu. Mke wa mchungaji alimfungia keki apeleke Carver Falls.

Alikwenda kesho yake mchana, ili awahi kurudi kabla ya giza. Makao yale yalikuwa na korido ndefu, na mhudumu mmoja tu ndiye aliyekuwa akihangaika huku na huku, viatu vyake vikilia kwenye sakafu. Ardis alikuwa kitandani karibu na dirisha. Nywele zake hazikuwa zimechanwa. Kwenye chumba ilikuwepo ile harufu, na madirisha ya kule hayafunguki.

Verlyn aliketi, akamshika mkono wa kushoto. "Nilisema," alimwambia.

"Yote?"

"Yote."

Ardis alimtazama. "Gauni?"

Angeweza kumdanganya. Hata yeye mwenyewe alishangaa kwamba hakuweza tena. "Gauni pia. Ukumbi mzima ulisikia. Nisamehe, Ardis."

Ardis aliutoa mkono wake mkononi mwa Verlyn. Aligeuza uso ukutani, na Verlyn akabaki akitazama kisogo chake, nywele nyeupe zilizoshikana kwa kulala upande mmoja. Alimjua mke wake. Hakuna kitu alichokuwa amemwibia katika miaka yao yote kikubwa kuliko kile. Alikaa pale na kofia magotini, na alijichukia.

Muda ukapita. Kisha kutoka ukutani ikaja sauti. "Mbunge. Alisemaje?"

"Hakuja. Walimwekea kiti kitupu. Nilikiambia kiti."

Ardis akageuka polepole. "Kiti," alisema. "Kilisemaje?"

"Hakikusema kitu."

"Ungekipa," alisema Ardis. "Keki."

Upande mmoja wa uso wake ulikuwa unacheka. Verlyn naye akaanza kucheka, kisha kikawa kilio, na hakujua kilibadilika wapi. Mkono wa kushoto ukarudi, ukashika kidole chake gumba, ukabana.

Mlangoni akachungulia yule mhudumu, mikono imejaa mashuka, jasho usoni. "Hamjambo humu? Mnaendeleaje, wapendwa?"

Verlyn alifungua mdomo, na lile neno lilikuwa tayari ulimini, linajitokea lenyewe kama siku zote. Ardis alimbana kidole.

"Vibaya," alisema. Alivuta pumzi, akamtazama yule mhudumu usoni. "Nimelowa."

"Ooh, pole, mama. Niko peke yangu upande wote huu leo. Nakuja sasa hivi, sawa? Sasa hivi."

Viatu vyake vikaenda vikilia mpaka mwisho wa korido. Verlyn alitazama dirishani, akaona jua limeanza kushuka kuelekea mashambani, na alijua anapaswa kuondoka. Hakuinuka. Walishikana mikono, wakasubiri.